Kutoka Denge hadi Kiduku: Nywele za Vijana na Ushahidi wa Lugha

Kila ninaposikia wakubwa wakilalamika kwamba kiduku ni uigaji mtupu wa mambo ya kigeni, mimi huifungua kamusi. Kamusi zetu za zamani zinalo neno denge, yaani mtindo wa kunyoa kichwa na kubakiza nywele za utosini. Kabla televisheni haijafika mwambao, Mswahili alikwisha kunyoa pembeni na kuacha juu, na lugha ikaupatia mtindo huo jina. Ubishi wa leo, basi, una ukoo mrefu.

Ukoo huo una pia sura ya machungu. Mnamo Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita mavazi na mapambo yaliyohesabiwa kuwa ya kigeni: sketi fupi, suruali za kubana, vipodozi vya kuchubua ngozi na mawigi. Utekelezaji wake, uliojulikana kwa jina la Operesheni Vijana, ulipangwa kuanza Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Lakini makundi ya vijana wa kiume hayakuingoja tarehe hiyo. Mwezi ule ule wa Oktoba, wanawake walivamiwa katika eneo la kituo cha mabasi cha Kariakoo kwa sababu ya nguo walizovaa. Utamaduni ulitetewa kwa kumdhalilisha binti njiani.

Wigi lilihukumiwa kwa hoja kwamba Mwafrika aridhike na nywele zake. Hoja hiyo ina uzito wake, nami siidharau. Lakini tazama kilichofuata. Afro, mtindo wa kuziacha nywele za kipilipili zikue na kutanuka, ulienea kutoka Marekani ukiwa alama ya fahari ya watu weusi. Hizo ndizo nywele za asili zilizodaiwa! Hata hivyo, nayo ilipata wapinzani Tanzania, waliosema kwamba ni fasheni ya Marekani. Msichana mwenye wigi aliambiwa anaiga Wazungu. Kijana aliyefuga nywele zake mwenyewe akaambiwa anaiga Wamarekani. Na chombo cha kuchania nywele hizo, chanuo la mti lenye meno marefu, kilikuwamo majumbani mwetu siku zote.

Lugha ilikuwa na hekima kuliko mabaraza. Haikufukuza neno mlangoni. Wigi liliingia katika ngeli ya li-ya, likazaa mawigi. Kiduku kikakaa katika ki-vi kama mzaliwa wa nyumbani, na kijana husema “nimenyoa kiduku” kwa muundo ule ule wa “kunyoa denge”. Nao wasusi, ambao sisi washairi hatuwapi heshima yao, wametuachia mabutu na twende kilioni, jina ambalo ni sentensi kamili, lenye kudokeza msuko wa haraka wa mtu aliyeitwa msibani. Malenga gani asingejivunia kubuni jina kama hilo?

Sisemi shule zisiwe na kanuni. Shule nyingi za serikali Tanzania huwataka wasichana wakate nywele ziwe fupi, na mwalimu anaweza kutaja usafi, muda na usawa baina ya tajiri na maskini. Hizo ni sababu zinazojadilika. Ninayoikataa ni ile kauli ya mkato, “si utamaduni wetu”, inayotamkwa na mtu asiyeuliza utamaduni huo ulikuwaje. Kijana wa miaka kumi na sita hana shamba wala nyumba. Kichwa chake ndicho kiwanja cha kwanza anachomiliki, na hapo hujaribu kusema yeye ni nani.

Malenga wenzangu, tunapotunga beti za kuwakanya vijana, tukumbuke kwamba nasi tunakopa bahari, tunageuza vina na kuyaita matokeo ni yetu. Tukiwakanya, tuwakanye kwa haki, na kamusi iwe mkononi.