Hospitali Iliyouliza Namba ya Kazi

Mjini Kolwezi, katika ukanda wa shaba wa Katanga nchini Kongo, neno "hospitali" halijawahi kutosha peke yake. Lazima litajwe na mwenye nayo. Kuna ya kampuni ya madini, iliyoanzia kwa Union Minière ikarithiwa na Gécamines, na ambayo jina lake la Kifaransa halikuficha kitu: hospitali ya wafanyakazi. Na kuna ya leta, kama watu wa huku wanavyoiita serikali, ambayo kwa mji huu ni Mwangeji, hospitali kuu ya rufaa. Wanaosimulia historia ya afya ya Kolwezi huisimulia kama habari ya neema iliyopotea: kampuni ilijenga, kampuni ikaporomoka, hospitali zikaporomoka nayo. Simulizi hilo lina ukweli wake, ila linaanza katikati. Dosari ilikuwepo tangu siku za neema, nayo ilikuwa mlangoni. Mgonjwa aliyefika aliulizwa kwanza namba yake ya kazi, au ya mumewe, au ya baba yake. Mji uliokua kwa kuulizwa hivyo miaka sitini haukupata nafasi ya kujenga hospitali inayouliza tu, "Unaumwa wapi?"

Katanga ya mwaka 1910 ilikuwa na shaba nyingi na watu wachache. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa 1906. Reli kutoka Rhodesia ikafika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru likawashwa. Mikono ya kuchimba haikuonekana. Vijiji vilikuwa vimetawanyika, na wenyeji, waliojua kuyeyusha shaba kabla Mbelgiji hajaisikia, hawakuona sababu ya kuacha mashamba wakaishi kambini. Ikabidi watu watafutwe mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, baadaye hata Rwanda na Burundi. Walifika wamechakaa kwa safari, wakabanwa katika vibanda, wakalishwa chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea. Nimonia na kuhara damu viliwafyeka. Kila aliyekufa alikuwa ameshagharimiwa nauli, posho ya njiani na ujira wa aliyemwandikisha, na wa kuziba pengo lake alipaswa kugharimiwa upya. Dawa iliingia kwenye vitabu vya kampuni kwa njia hiyo: kumtibu mtu kulikuja kuwa rahisi kuliko kumzika na kumtafuta mwingine.

Mwaka 1928 hesabu hiyo ilifikishwa mbali zaidi. Badala ya mikataba mifupi ya wanaume wapweke, kampuni ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kutaka mfanyakazi aje na mke. Msukumo mkubwa ulitoka kwa daktari, Léopold Mottoulle, na kitabu alichochapisha 1946 kuhusu siasa ya kampuni kwa wafanyakazi wake kinasema wazi kilichotafutwa: watu wenye afya, waliotulia, wanaozalisha. Uzazi ukawa shughuli ya ofisi. Mama alihimizwa kujifungulia hospitali ya kambi, mtoto akapelekwa kupimwa uzito kwa siku zilizopangwa, na posho ya nyumba ikaongezwa kwa idadi ya vinywa. Itazame mizani hiyo kwa karibu, maana ndani yake ndimo mfumo wote ulimolala. Mtoto anawekwa, kilo zinasomwa, zinaandikwa. Lakini mtoto huyo amefika mezani kwa sababu baba yake yumo kwenye orodha ya mgodi. Wa jirani, ambaye baba yake anauza samaki wakavu sokoni, ana uzito wake pia, ila hapa hakuna karatasi ya kuuandika.

Kolwezi yenyewe ni mtoto wa mfumo huo uliokwisha kukomaa. Reli ya Tenke hadi Dilolo ilikamilika 1931 na kuifungulia Katanga njia ya bandari ya Lobito. Mwaka 1937 mji ukaanzishwa kuwa makao ya machimbo ya magharibi, yaani Ruwe, Musonoi na baadaye Kamoto. Ramani yake ilichorwa kwa rula. Wazungu walikaa upande wao wenye bustani, wafanyakazi wakapangwa katika makazi ya kampuni yaliyosogezwa karibu na mashimo, na wasiokuwa wa kampuni, yaani wachuuzi, mafundi cherehani, wapishi, na ndugu waliofuata ndugu, wakaachiwa Manika. Tiba ilifuata mistari ileile. Makazi ya kampuni yalikuwa na zahanati zake na juu ya hizo hospitali ya wafanyakazi. Manika ilitegemea serikali na misheni, na serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kujenga pale ambapo kampuni ilikuwa tayari inawatibu wale iliowahitaji.

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 uliikuta nchi nzima ikiwa takriban haina daktari Mkongo mwenye shahada. Waliokuwepo walikuwa wasaidizi wa madaktari. Mmoja wa hao alikuwa Jason Sendwe, kiongozi wa chama cha Balubakat, ambaye hospitali kubwa ya Lubumbashi ina jina lake hadi leo. Ukafuata mtengano wa Katanga, na Kolwezi ikawa ngome ya mwisho kuangukia mikononi mwa majeshi ya Umoja wa Mataifa, Januari 1963. Katika misukosuko hiyo serikali ilikuwa inaomba madaktari wa kigeni kwa mashirika ya dunia, wakati kampuni ilikuwa na mishahara ya kuwaleta na nyumba za kuwaweka. Kutaifishwa kwa Union Minière mwaka 1967 na kuzaliwa kwa Gécamines kulibadilisha bendera na wakubwa. Swali la mlangoni halikubadilika.

Hapa nitapingwa na watu wenye haki ya kunipinga. Ukitaja hospitali za kampuni mbele ya wazee wa Kolwezi au Likasi utaambiwa kwamba zilikuwa safi, zina dawa, zina chakula cha mgonjwa, na kwamba mjukuu wa leo hajui alichopoteza. Mwanahistoria wa Lubumbashi Donatien Dibwe dia Mwembu amekusanya kumbukumbu za familia hizo, na kitabu chake cha 2001 kinawaita Bana Shaba, watoto wa shaba, walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Sina sababu ya kuwabishia. Vifo kambini vilishuka kweli, na watoto wengi walikua ambao vijijini wasingekua. Lakini neno "baba" ndilo linalobeba hoja yangu. Baba hutunza walio wake, huchagua nani ni wake, na akifilisika hakuna baraza la kumwajibisha. Mgonjwa wa hospitali ya kampuni alikuwa na bahati ya kuzaliwa nyumba fulani. Haki ya raia ni jambo jingine, na haiondoki na kibarua.

Baba alifilisika taratibu, kisha ghafla. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto ilibomoka, na pamoja nayo ikabomoka sehemu kubwa ya mapato yake. Mwaka 1993 wakafukuzwa jimboni Wakasai, ambao baba na babu zao waliletwa na kampuni yenyewe. Maelfu kwa maelfu walijazana kwenye stesheni ya Kolwezi wakisubiri treni zisizokuja, wengine wakifa hapohapo kwa maradhi ambayo zahanati moja iliyo wazi ingeyazuia. Miongoni mwao walikuwemo watu waliotibiwa na kampuni tangu siku ya kuzaliwa. Kufikia 2003 uzalishaji haukufika hata tani 20,000. Mwaka huohuo, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara, kwa hiyo msomaji aipime mwenyewe hiari hiyo. Walipokea kiinua mgongo cha mara moja, na pamoja na kazi zikaondoka shule za watoto na kitanda cha hospitali. Zidisha idadi hiyo kwa mke, watoto na wazee wa kila nyumba, ndipo utaona umati ulioelekea kwa pamoja kwenye mlango wa leta.

Mtu atasema kosa basi ni la leta, ambayo chini ya Mobutu ilikamua kampuni na haikujenga chochote. Kukamuliwa kulikuwepo, tena kwingi. Hata hivyo si kweli kwamba serikali haikuwa na wazo. Miaka ya 1970 na 1980 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilijenga mmoja wa mipango ya afya iliyosifiwa zaidi Afrika: nchi iligawanywa katika kanda za afya, kila kanda ikiwa na vituo vyake na hospitali kuu moja ya rufaa kwa wakazi wake wote. Sehemu ya wazo hilo ilijaribiwa Kasongo, Maniema, nchi ya Waswahili wa Kongo hasa. Mwangeji ni mtoto wa wazo hilo, na ni kinyume kamili cha hospitali ya wafanyakazi, kwa kuwa mpaka wake unapita kwenye ardhi na yeyote aishiye ndani yake ni wake. Ila katika ukanda wa shaba wazo hilo lilipandwa kivulini. Vyumba bora vya upasuaji, maabara na madaktari vilikuwa ndani ya uzio wa kampuni, na mradi wafanyakazi, ndio waliokuwa na sauti ya kugoma, walitibiwa, hakuna mkubwa aliyekosa usingizi kwa ajili ya Manika. Wilaya nyingine za Kongo zilikuwa maskini zaidi lakini zilijifunza kujiendesha kwa hospitali moja ya wote. Kolwezi ilikuwa tajiri na haikujifunza.

Baada ya Sheria ya Madini ya 2002 walikuja wenye mitaji wapya, na shaba ikarudi kwa kishindo. Mwaka 2024 Kongo ilivuka tani milioni 3, sehemu kubwa ikitoka Lualaba, jimbo ambalo tangu 2015 lina Kolwezi kuwa makao yake makuu. Je, swali la mlangoni limefutwa? Limekatwa vipande. Ripoti ya 2021 ya mashirika RAID la Uingereza na CAJJ la Kolwezi ilichunguza migodi mitano mikubwa na kukadiria kuwa zaidi ya nusu ya wafanyakazi wako chini ya wakandarasi wadogo, wengi wakiwa na bima duni ya matibabu au hawana kabisa. Union Minière ilimhitaji mfanyakazi miaka thelathini, ndiyo maana ilimpima mwanawe uzito. Mkandarasi wa leo anamhitaji miezi kadhaa. Chini yao wako wachimbaji wadogo, maelfu mengi, wasio na namba yoyote. Mtaa wa Kasulo ulianza kuchimbwa 2014 ndani ya nyua za nyumba, na utafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven uliochapishwa 2018 ulikuta watoto wa hapo wakiwa na kobalti katika mkojo karibu mara kumi ya watoto wa mahali pengine. Watoto hao hawajaajiriwa na mtu. Hospitali inayowahusu ni ile ya leta tu, ambako, kama ilivyo hospitali nyingi za umma nchini, jamaa wa mgonjwa ndiye anunuaye glavu na bomba la sindano, na ndiye apikaye.

Yapo majibu yanayotolewa na kampuni: tumejenga zahanati kijiji hiki, tumetoa gari la wagonjwa kule. Sheria ya Madini iliyorekebishwa 2018 inazitaka zitenge asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka migodi, na jambo hilo si dogo. Lakini zahanati ya kampuni kando ya mgodi ni ramani ya 1937 inayochorwa upya kwa wino wa hisani, na siku mgodi ukifungwa itabaki tofali. Sheria hiyohiyo ina kifungu chenye nguvu kuliko hisani yoyote: mrabaha wa madini hugawanywa, asilimia 25 kwa jimbo na 15 kwa mamlaka za chini ambako mgodi upo. Fedha hizo hazina mfanyakazi wala asiye mfanyakazi. Ni za wakazi.

Na isisemwe kuwa shaba haiwezi kujenga hospitali kubwa. Mkataba wa 2008 kati ya Kongo na makampuni ya Kichina uliozaa Sicomines, ambayo machimbo yake yako hapa Kolwezi, uliahidi miundombinu badala ya madini, zikiwemo hospitali zaidi ya 30. Hospitali ya Cinquantenaire, iliyofunguliwa 2014, imo katika orodha ya kazi za mkataba huo. Iko Kinshasa, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka shimo linaloilipia. Wabunge wa Lualaba wanaopitisha bajeti ya jimbo kila mwaka wana kalamu mkononi: waandike ni sehemu gani ya ile asilimia 25 itakwenda Mwangeji, waiandike kwa tarakimu, na wakazi wa manispaa za Manika na Dilala wasomewe hesabu hiyo kwa Kiswahili.