Kodi ya kaboni na ruzuku zinavyoathiri viwanda vya kuunda injini upya

Injini ya lori inapochakaa, sehemu kubwa ya chuma chake huwa ingali nzima. Kiwanda cha kuunda upya huifungua injini hiyo, husafisha vipuri vyake, hubadilisha vilivyokwisha, kisha huijaribu na kuiuza ikiwa na dhamana. Kazi hii ni tofauti na ya gereji, ambayo hurekebisha tu mahali palipoharibika.

Kodi ya kaboni hutozwa kwa kila tani ya gesi ya kaboni inayotolewa hewani. Kuzalisha tani moja ya chuma cha pua kutokana na mawe ya madini hutoa takriban tani 2 za gesi hiyo. Kwa kuwa anayeunda upya hahitaji chuma kipya kwa wingi, kodi humlemea zaidi mshindani wake anayetengeneza injini mpya.

Hata hivyo, kodi ikiwa ndogo, bei sokoni haitikisiki. Afrika Kusini ilipoanza kutoza kodi hiyo mnamo Juni 1, 2019, kiwango kilikuwa randi 120 kwa tani. Kwa hesabu hiyo, injini yenye kilo 500 za chuma ingeongezewa takriban randi 120 pekee. Tena viwanda vilipewa nafuu ya kati ya asilimia 60 na 95, hivyo nyongeza ikashuka hadi kati ya randi 48 na 6. Mwaka 2025 kiwango rasmi kilikuwa kimefika randi 236.

Ruzuku nayo hutegemea inamfikia nani na kwa masharti gani. Mwaka 2009, serikali ya Marekani iliwapa wenye magari yanayobugia mafuta hadi dola 4,500 ili wanunue mapya. Magari yapatayo 680,000 yalibadilishwa. Lakini sharti lilikuwa injini kuukuu ziharibiwe kwa kumiminiwa silikati ya sodiamu badala ya oili. Mtengenezaji wa magari mapya alipata wateja, ilhali anayeunda injini upya alipoteza malighafi yake.

China ilifuata njia nyingine. Katika mpango wa majaribio uliotangazwa mwaka 2013, mnunuzi aliyerudisha kipuri kikuukuu alipunguziwa asilimia 10 ya bei ya kile kilichoundwa upya, isizidi yuani 2,000 kwa injini na 1,000 kwa giaboksi. Hapo ruzuku ilileta mteja na malighafi kwa pamoja.

Ikumbukwe kuwa mahasimu hawa wawili hutegemeana, kwani injini isiyotengenezwa leo haitapatikana kuundwa upya kesho. Kwa hivyo, kodi humpa anayeunda upya nafuu ya bei, lakini nafuu hiyo haina faida iwapo injini kuukuu hazirudi kiwandani.