Jukwaa na Nyumba: Dansi ya Vogu na Historia ya Jinsia Mashariki mwa Uganda

Makala haya yanapima hoja inayorudiwa katika mijadala ya sera nchini Uganda: kwamba watu waliozaliwa wakihesabiwa wanaume lakini wakaishi kama wanawake ni zao la ugeni. Tunadai kuwa kilichotoka ugenini ni mtindo wa dansi. Watu wenyewe wamo katika kumbukumbu za eneo hili.

Vogu ilikulia katika mashindano ya mavazi na miondoko ya Wamarekani Weusi na Walatino wa Harlem, New York. Mwaka 1967 Crystal LaBeija alipinga hadharani ubaguzi wa waamuzi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaasisi Nyumba ya LaBeija. Nyumba ya aina hii ni ukoo wa hiari: ina mama na watoto, na humpa jina aliyefukuzwa kwao.

Jina ndilo linalotuunganisha na Teso, kaskazini mwa Mbale. Katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu Wateso, afisa wa kikoloni J. C. D. Lawrance alieleza watu waliovaa mapambo ya kike, wakafanya kazi za wanawake na kuitwa majina ya kike. Mwaka 1923 J. H. Driberg alikuwa ameandika habari kama hizo kuhusu Walango. Istilahi zao ni za kikoloni na zisomwe kwa tahadhari. Hata hivyo, ushahidi wao umetangulia vogu.

Dola ya leo imelikabili kwanza jukwaa. Tarehe 4 Agosti 2016 polisi walivamia shindano la urembo la wiki ya Pride katika klabu ya Venom, Kampala. Mwaka 2018 Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, alipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege mjini Jinja, akidai linaeneza ushoga. Marufuku hiyo iliondolewa baada ya muda mfupi.

Kisha ikafuata nyumba. Sheria ya mwaka 2023 iliwatisha kwa adhabu wanaotoa majengo yao. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu hivyo, lakini ikaacha sehemu kubwa ya sheria. Hivyo mwenye nyumba amepata nafuu, ilhali mpangaji angali hatarini. Mshauri wa sera anayeitetea sheria hiyo kwa jina la mila hana budi kueleza ni mila ipi, maana Teso ya Lawrance iliwapa watu hawa jina na kazi.