Ripoti ya Durai: Nani Aliandika Historia ya Ivalice?

Muhula uliopita, katika somo la mbinu za utafiti wa historia, niliwataka wanafunzi wataje hati iliyofichwa na wenye mamlaka, kisha ilipofichuliwa ikageuza ufahamu wa watu kuhusu zama zake. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akajibu: "Ripoti ya Durai." Nikakiri kwamba siijui, nikamwuliza imehifadhiwa wapi. Darasa zima likaangua kicheko. Ripoti hiyo imo ndani ya mchezo wa video.

Ningeweza kumkemea. Badala yake nilimwomba aniazime mchezo wenyewe, na likizo yangu ikaishia humo. Nimetoka na jambo ambalo naona linatuhusu sote tunaoishi kwa kuandika na kusoma nyaraka.

Tuanze na chimbuko. Michezo ya aina hii humtaka mchezaji avae nafsi ya mhusika, amkuze na kusafiri naye hadi mwisho wa kisa. Katika mfululizo wa Final Fantasy wa kampuni ya Square ya Japani, desturi ilikuwa kila toleo liwe na dunia yake: hadithi ikiisha, dunia nayo imekwisha. Mwaka 1997 Yasumi Matsuno, aliyehamia Square kutoka kampuni ya Quest alikotengeneza Ogre Battle (1993) na Tactics Ogre (1995), aliongoza utengenezaji wa Final Fantasy Tactics. Nchi ya kisa hicho aliiita Ivalice.

Ivalice imetoka katika Vita vya Miaka Hamsini ikiwa hoi. Askari waliomwaga damu hawakulipwa, na baadhi yao wamegeuka waasi. Mfalme amekufa akiacha mrithi mchanga, na wakuu wawili, Larg na Goltana, wanagombea kumsimamia. Ndani ya Vita hivyo vya Simba wamo marafiki wawili: Ramza, kijana wa ukoo mkubwa wa Beoulve, na Delita Heiral, mtoto wa watu wa chini aliyelelewa pamoja naye. Tietra, mdogo wake Delita, anauawa kwa mshale kwa sababu mbele ya wakubwa uhai wa binti wa mtu wa chini haukuwa na uzito. Tangu siku hiyo njia za marafiki hao zinaachana. Delita anapanda kwa hila hadi kuwa mfalme, na vitabu vinamsifu kuwa shujaa aliyekomesha vita. Ramza, aliyepambana na uovu uliojificha nyuma ya vita hivyo, Kanisa la Glabados linamtangaza kuwa mzushi, na jina lake linafutwa.

Lakini yote haya tunasimuliwa na mwanahistoria, Arazlam Durai, aliyeishi karne kadhaa baadaye. Arazlam anategemea ripoti ya babu yake wa kale, Orran Durai, aliyeyashuhudia mambo yale, akayaandika, akataka kuyatangaza, na kwa kosa hilo akachomwa moto. Kanisa likaifungia ripoti yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kijana wangu aliikumbuka. Mwalimu anaweza kusema mara mia kwamba historia rasmi huandikwa na washindi, na wanafunzi wakaandika sentensi hiyo daftarini bila kuguswa. Mchezaji wa Tactics yuko katika hali nyingine: kila hatua ya Ramza ameipiga yeye, kwa vidole vyake, kwa saa nyingi. Anapoambiwa mwishoni kwamba vitabu havimtambui Ramza, anajua kwamba vitabu vinasema uongo, kwa kuwa yeye alikuwepo. Amefanywa shahidi.

Ivalice haikuishia hapo. Mwaka 2000 ikatoka Vagrant Story, kisa cha mji uliobomolewa na tetemeko, ambao uhusiano wake na Ivalice ni mwembamba kiasi cha kuwagombanisha mashabiki. Mwaka 2003, katika Final Fantasy Tactics Advance, Ivalice ikawa dunia inayochipuka kutoka katika kitabu cha kale kilichofunguliwa na watoto. Mwaka 2006 Final Fantasy XII ikarudi nyuma kwenye zama za kale za Ivalice, wakati merikebu za angani zilipokuwa usafiri wa kawaida, na watu wa maumbile mbalimbali, wabangaa, waviera na wamoogle, walipoishi na wanadamu katika miji mikubwa. Dalmasca, ufalme mdogo uliobanwa kati ya madola makubwa mawili, umekaliwa kijeshi, na mrithi wake, Ashe, anatafuta namna ya kuurejesha.

Mchezaji aliyeanza na Tactics anaijua hatima ya fahari ile. Katika Tactics wachimbaji wa mji wa Goug hufukua mashine ambazo hakuna tena anayejua kuziunda, na pambano la mwisho hupiganwa katika makaburi ya merikebu za angani. Wabangaa na waviera hawaonekani. Mtu atasema, na ni kweli, kwamba mwaka 1997 watungaji walikuwa hawajawabuni. Lakini dunia inapokuwa ya pamoja, pengo la mtunzi hugeuka kuwa swali la kihistoria: watu hao walikwenda wapi? Arazlam, mtetezi wetu wa ukweli, hasemi neno juu yao. Hata mwanahistoria mwema ana watu asiowaona.

Wapo watakaoniambia kwamba hii ni biashara tu. Naam, kampuni iliikusanya michezo hiyo chini ya jina la Ivalice Alliance kwa ajili ya soko, na Matsuno mwenyewe aliondoka mwaka 2005 kabla Final Fantasy XII haijakamilika. Hata hivyo, wengine waliishika dunia hiyo bila yeye, na kati ya 2017 na 2019 alirejea kuandika sehemu ya Final Fantasy XIV. Humo Ivalice imekuwa ngano, na mtunzi wa tamthilia anazunguka akitafuta ushahidi kwamba yalitokea kweli. Hata jina la shahidi halikusalimika: tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ilimwita Olan, na ile ya 2007 ikamwita Orran. Aliyewahi kulinganisha nakala mbili za hati moja atatabasamu.

Wanafunzi wangu, sijawaruhusu kuitaja Ripoti ya Durai katika tasnifu zenu. Ninawataka muulize kila waraka maswali mnayoiuliza ripoti hiyo: nani aliuandika, nani aliuficha, na nani hayumo. Wanaharakati, kumbukeni kwamba Orran hakuwashinda waliomchoma. Kilichomshindia ni karatasi, na ilichukua karne.

Nanyi ndugu zangu wa ofisi za umma, mnaoandika taarifa na mihtasari ambayo wakubwa wakati mwingine huagiza "irekebishwe": andikeni mlichokiona, na nakala mwiweke jaladani. Arazlam wenu huenda bado hajazaliwa. Siku atakapofungua kabati, akute kitu.