Inchi Moja ya Shelby

Mustang ilipozinduliwa Aprili 1964, chini ya bodi lake la kuvutia palijificha Falcon, gari la familia la bei nafuu ambalo Ford ilikuwa ikiliuza tangu modeli ya 1960. Mbele, springi za koili zilikalia mikono ya juu, yaani vyuma vinavyoshikilia tairi kwa upande wa juu. Nyuma kulikuwa na springi za mabamba zisizotofautiana sana na za pikapu. Karibu watengenezaji wote wa Marekani walifuata njia hiyo muongo ule. Pontiac GTO nayo ilianza kama Tempest iliyotiwa injini ya inchi za ujazo 389. Injini ndiyo iliyouza magari hayo, basi fedha zikaenda kwenye injini, na wateja wakapata gari linaloruka kama mshale kwenye barabara iliyonyooka lakini linaloyumba na kulalia tairi za nje kila penye kona. Anayetaka kulirekebisha gari kama hilo leo hukuta katalogi zimejaa seti za bei kubwa, na ni rahisi aamini kwamba bila fedha nyingi hakuna la kufanya. Nikiitazama historia ya magari haya naona kinyume chake. Marekebisho yaliyoyabadilisha zaidi yalitokana na kujua kifaa kikae wapi. Ubora wa kifaa chenyewe ulifuata baadaye.

Ushahidi mkubwa ni Shelby GT350 ya 1965. Ford ilitaka Mustang ishindane katika mbio za SCCA, chama cha Marekani cha magari ya michezo, na kanuni zilidai magari mia moja ya viti viwili yatengenezwe kwanza. Kanuni hizohizo ziliruhusu gari la mashindano litofautiane na lile la barabarani ama kwa injini ama kwa mfumo wa springi na shokapu, siyo kwa vyote viwili. Carroll Shelby, aliyepewa kazi ya kuliandaa gari hilo, aliona wanunuzi wachache tu wangetaka kwenda kazini na injini ya mashindano. Akaiacha injini hiyo kwa magari ya mbio, na gari la barabarani likapewa springi na mikono ya mashindano. Hapo ndipo ilipoingia hesabu ya Klaus Arning, mhandisi wa Ford: mhimili wa mkono wa juu ushushwe inchi moja. Gari linapolala kwenye kona, tairi la nje huinamia nje pamoja na bodi na kubaki likisuguana na lami kwa ukingo wake. Mhimili ukishushwa, mkono hukaa kwa mteremko kuelekea ndani, na tairi linapopanda huvutwa ndani upande wa juu, likaendelea kukanyaga lami kwa upana wake. Februari 1965 dereva Ken Miles alishinda kwa toleo la mbio katika uwanja wa Green Valley, Texas, na GT350 ikatwaa ubingwa wa taifa wa daraja la B Production mwaka huo na miwili iliyofuata.

Mtu atasema GT350 haiwezi kuwa mfano wa ubanifu, maana iliuzwa dola 4,547 wakati Mustang ya kawaida ilianzia dola 2,368. Ni kweli, lakini tutazame tofauti hiyo ilinunua nini: injini ya nguvu farasi 306, shokapu za Koni, difu ya kujifunga, breki kubwa, boneti ya faibaglasi. Inchi ya Arning haikuhitaji kipuri chochote. Ilihitaji matundu mawili mapya kila upande. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Katika mwaka wa modeli wa 1966, baada ya magari ya mwanzo, kampuni ya Shelby yenyewe iliacha kuishusha mikono hiyo. Kama ilikuwa na faida kiasi hicho, mbona ikaachwa? Iliachwa kwa sababu ya gharama, na gharama hiyo ilikuwa ya mikono ya mafundi. Kiwandani, kufungua mbele ya kila gari, kupima, kutoboa na kufunga upya ni saa za mishahara zinazozidishwa kwa mamia ya magari. Kwa mtu mwenye gari moja na keekee hesabu inageuka: fedha hana, muda anao. Na Ford ilipobuni upya sehemu ya mbele ya Mustang kwa ajili ya 1967, ilirefusha mkono wa chini na kuushusha mhimili wa mkono wa juu. Kiwanda hakifanyi hivyo kwa jambo lisilo na maana.

Mfano wa Camaro ya Chevrolet unasema vivyo hivyo. Modeli ya 1967 ilikuwa na springi ya bamba moja kila upande wa nyuma, na dereva alipokanyaga mafuta kwa nguvu, ekseli ilijipinda na kurukaruka. Kwa 1968 Chevrolet iliongeza mabamba kwenye matoleo yenye injini kubwa, lakini pia ilihamisha shokapu: moja ikakaa mbele ya ekseli, nyingine nyuma yake, ili zipingane na kujipinda huko. Shokapu zilibaki mbili zilezile kwa idadi. Hata mhimili wa kuimarisha bodi uliofungwa kwenye GT350, kati ya ukuta wa injini na minara ya shokapu, ulikuwa kipuri ambacho Ford ilikwisha kukitengeneza kwa Mustang zilizouzwa nje ya Marekani, kwenye barabara mbovu.

Wapo wanaotetea seti za kisasa zenye springi na shokapu katika kipande kimoja, na wana hoja. Urefu wake hurekebishika kwa urahisi, shokapu zake ni bora kuliko chochote cha 1965, na kwa anayeshindana kila wiki zinafaa. Ila seti ya bei kubwa ikifungwa juu ya bushi zilizooza na mkono uliokaa vibaya, tairi litaendelea kuinamia nje vilevile. Isitoshe, vipimo vya kiwandani vya pembe za tairi viliandikwa kwa tairi za zamani za nyuzi za mshazari, kabla tairi za radiali hazijaenea Marekani katika miaka ya 1970. Tairi za leo hutaka upande wa juu uinamie ndani kidogo, na kuzipanga hivyo ni kazi ya fundi wa alaimenti, kazi isiyogharimu hata sehemu ndogo ya bei ya seti. Kwa anayehofia kuharibu uasili wa gari, matundu ya kiwandani hubaki palepale, na mkono unaweza kurudishwa siku yoyote.

Kwa hiyo mwenye Mustang ya 1965 au 1966 na fedha kidogo abadilishe kwanza bushi, atoboe matundu ya Arning kwa kipimo sahihi, kisha aende kupanga pembe za tairi. Stabilaiza nene na shokapu nzuri zifuate mfuko ukiruhusu. Asizidishe ile inchi moja kwa kudhani zaidi ni bora, kwa maana boli jointi ya juu ina kikomo cha kujipinda na ikikifikia inaweza kuvunjika.