Kinga ya Chanjo ya Rubela

Kinga ya chanjo ya rubela ni uwezo wa mwili kuvizuia virusi vya rubela baada ya kuchanjwa. Dozi moja huwakinga takriban watu 95 kati ya 100. Kinga hiyo hudumu zaidi ya miaka 20, pengine maisha yote, hata kingamwili zikipungua katika damu. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua-rubela Oktoba 2014, kwa kampeni ya watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Baadhi yao sasa ni watu wazima. Kwa wanawake umuhimu wa kinga hii ni mkubwa: rubela mwanzoni mwa ujauzito huweza kumletea mtoto uziwi, mtoto wa jicho au kasoro za moyo. Hata hivyo, mjamzito hapewi chanjo hii.