Kambi za Mto Sabaki

Kaskazini kidogo ya mji wa Malindi mto mkubwa huingia baharini, na maji yake ni mekundu kama matofali. Ukisimama ufukweni wakati wa masika utaona bahari imebadili rangi kwa mwendo mrefu. Ule ni udongo wa bara, uliochukuliwa na maji ukaletwa pwani. Kule unakoanza, karibu na Nairobi, mto huu huitwa Athi. Ukiisha kupokea maji ya Tsavo huitwa Galana. Na ukikaribia bahari watu huuita Sabaki. Ni mto mmoja wenye majina matatu, na urefu wake ni kilomita 390 hivi.

Msomaji, huenda siku moja wewe na wenzako mtafunga mizigo migongoni, mkaifuata njia ya miguu kandokando ya mto huu, mkapiga kambi mahali ambapo gari halifiki. Ni jambo jema, nami nakutakia safari njema. Walakini kabla hujapigilia kigingi cha kwanza cha hema lako, yafaa ujue ya kuwa ukingo ule si mahali patupu. Watu wa namna nne wamekwisha kulala hapo kabla yako: mpagazi, mtoro, mkulima na mwindaji. Kila mmoja aliutaka mto kwa sababu yake, na kila mmoja alikutana na mtu mwenye nguvu aliyemwuliza, ‘Ni nani aliyekupa ruhusa ya kulala hapa?’ Swali hilo ndilo historia ya Sabaki.

Tuanze na mpagazi. Kabla ya reli kujengwa, karibu bidhaa zote zilizotoka pwani kwenda bara zilichukuliwa kwa vichwa na mabega ya watu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa ratili 65 hivi, yaani karibu kilo 30. Msafara uliondoka alfajiri, kirangozi akitangulia na manyapara wakiwahimiza watu wa nyuma, ukaenda mpaka jua lilipokuwa kali. Ndipo kambi ikapigwa. Mizigo ilipangwa pamoja na kulindwa. Wapagazi waligawanyika makundi madogo, kila kundi na chungu chake. Huyu akateka maji, huyu akatafuta kuni, na wengine wakakata miiba ya kujengea boma la kuwazuia simba na fisi. Moto haukuachwa kuzimika usiku.

Kambi ya mtoni ilikuwa na sheria zake, na sheria hizo zakufaa wewe pia. Ya kwanza, usilale chini ya ukingo, juu ya mchanga mzuri ulio mkavu. Mvua inayoujaza Sabaki hunyesha mbali sana, katika milima ya bara. Mto waweza kufurika usiku nawe huku pwani hujaona hata wingu moja. Ya pili, usilale katika njia ya viboko, kwa maana kiboko hutoka majini usiku kula majani, na hampendi mtu anayesimama baina yake na maji. Ya tatu, uendapo kuteka maji, usiingie mtoni. Mamba hungoja pale pale wanapozoea watu kuteka.

Sasa fanya hesabu pamoja nami, maana hesabu hii itakueleza mambo mengi. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, na uzito wake ni ratili moja na nusu hivi. Watu 100, basi, hula ratili 150 kwa siku. Katika siku 30 watakula ratili 4,500, nayo ni mizigo karibu 70. Maana yake ni kwamba katika kila wapagazi 100, 70 wangekuwa wakichukua chakula tu, na bidhaa zingebaki kwa watu 30. Hapana mfanyi biashara awezaye kupata faida kwa safari ya namna hiyo. Ilikuwa lazima chakula kinunuliwe njiani. Mto humpa msafiri maji bure. Walakini mtama na mahindi havioti bila mkono wa mkulima. Yeyote aliyelima kando ya mto ndiye aliyeshika uhai wa msafara.

Huyo aliyelima ni nani? Hapa tunamkuta mtu wa pili, mtoro. Katika miaka ya 1860, zama za Sultani Majid wa Unguja, mji wa Malindi uliokuwa umekufa ulifufuliwa. Mashamba makubwa ya mtama na ufuta yalifunguliwa, na nafaka ya Malindi ikasafirishwa kwa majahazi hata Arabuni. Kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa, nao waliletwa kwa maelfu. Lakini nyuma ya mashamba palikuwa na pori, na mto ulikuwa njia ya kuingilia humo. Watumwa walitoroka, wakajijengea miji yao wenyewe: Makongeni kando ya Sabaki, na Fuladoyo katika bara ya nyuma ya Kilifi. Walijenga maboma, wakalima, wakaoa, wakalea watoto. Wengine walikimbilia kwa wamisioni huko Rabai.

Fikiri, msomaji, maana ya kambi kwa watu hawa. Kwako wewe kambi ni pumziko la siku mbili tatu, kisha warudi nyumbani. Kwa mtoro haikuwako nyumba ya kurudi. Usiku wa kwanza alilala porini bila moto, kwa kuogopa kuonekana. Na kambi yake ikidumu mwaka mmoja bila kuvamiwa, hiyo ikawa nyumba, na baadaye mji. Mabwana wa Malindi na Takaungu waliitazama miji hiyo kwa hasira, kwa sababu kila mtumwa aliyeisikia habari yake alijua pa kukimbilia.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipewa hati ya kifalme ya kutawala na kufanya biashara katika nchi hizi. Mara ilikutana na jambo la watoro. Tarehe 1 Januari 1889 watoro karibu 1,400 waliokuwa katika misioni ya Rabai na misioni nyingine walipewa hati za uhuru, na mabwana zao wakalipwa fidia. Mwisho wa mwaka huo, mwezi wa Desemba, alifika Mombasa askari Mwingereza aliyeitwa Frederick Lugard. Kampuni ilikuwa na kituo Machakos, nayo ilichoshwa na njia ya zamani iliyopita katika nyika ya Taru, ambako maji ni adimu mno. Lugard akatumwa kutazama kama yawezekana kuiacha nyika ile na kuufuata mto Sabaki.

Lugard aliupanda mto, akajenga maboma ya miti njiani, ili misafara ipate mahali pa kulala kwa salama. Maporomoko ya Galana yaliyo ndani ya Tsavo yanaitwa kwa jina lake hata leo. Pia alikutana na watoro, akafanya mpango wa kuwapatia uhuru: mtoro afanye kazi ya ujira, na kwa ujira huo ajikomboe kwa bwana wake. Twaweza kumsifu kwa kuona kwamba watu wale hawakustahili kurudishwa utumwani. Lakini pima pia upande wa pili wa mizani. Mtu aliyekwisha kulima shamba la mwenziwe miaka mingi bila malipo, na aliyekwisha kujipatia uhuru kwa miguu yake mwenyewe, aliambiwa aununue mara ya pili kwa jasho lake; na fedha akapewa yule aliyemtumikisha. Utumwa haukuondolewa katika sheria ya pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907.

Na njia ya mto, je? Haikuwa njia kuu. Kampuni ilitengeneza barabara iliyopita Taru, ikaitwa kwa jina la Mackinnon. Na mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, ikapita nyika ile ile, ikafika Kisumu mwaka 1901. Gari la moshi halikuhitaji kibaba cha mtama kila jioni. Mpagazi akatoweka, na maboma ya Sabaki yakaliwa na mchwa.

Basi mto ukawaachia wakulima. Wagiriama, ambao kwanza makao yao yalikuwa katika kaya, yaani miji yao ya msituni, walikuwa wamekwisha kuenea kuelekea kaskazini. Wakauvuka Sabaki, wakalima ng’ambo yake. Udongo ulikuwa mwema, wakavuna mahindi na mtama kupita haja yao, wakauza ziada Malindi. Jambo moja la lugha litakupendeza hapa: kwa Wagiriama neno ‘kambi’ ni jina la baraza la wazee wanaotawala kaya. Kwao kambi ni watu wenye kauli juu ya nchi.

Serikali ya Kiingereza ilitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi pwani, nayo ilitaka kodi. Mkulima mwenye ghala iliyojaa haoni sababu ya kwenda kulima shamba la mwingine. Mwaka 1913 mwanamke mmoja, Mekatilili wa Menza, alizunguka akiwakumbusha watu heshima yao. Na katika Kaya Fungo wanawake na wanaume walikula viapo vya kutoitii serikali. Mwezi wa Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadori Kola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka 1914 walitoroka, wakarudi kwa miguu. Sijui kama kuna mwendo wa miguu katika historia ya Kenya unaostahili kukumbukwa kuliko huo.

Agosti 1914 serikali iliibomoa Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikaanza. Wagiriama walipigana kwa mishale. Nyumba zao zilichomwa, na mifugo yao ikachukuliwa. Walipokwisha kushindwa waliwekewa masharti matatu: watoe faini ya rupia 100,000, watoe wanaume 1,000 wa kuchukua mizigo katika Vita Vikuu, na wauhame ukingo wa kaskazini wa Sabaki. Tazama jinsi sharti la tatu lilivyokuwa zito. Faini hulipwa ikaisha, na mchukuzi aliyepona vita hurudi. Lakini watu waliofukuzwa mtoni waliacha nyuma ghala, mashamba na makaburi, wakasongamana upande wa kusini, ambako udongo ni dhaifu. Njaa ikawaingia. Baada ya miaka michache serikali yenyewe ilikubali kwamba imekosea, ikawaruhusu kuvuka tena.

Amebaki mwindaji. Juu zaidi ya mto, katika Galana, waliishi Waata, ambao majirani wamezoea kuwaita Waliangulu. Hao walikuwa wawindaji wa tembo kwa pinde kubwa ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzivuta, na kwa mishale yenye sumu ya mti. Kambi zao zilikuwa vibanda vyepesi karibu na maji, vikihama pamoja na wanyama. Mwaka 1948 nchi yao kubwa ilifanywa Hifadhi ya Tsavo. Kutoka siku hiyo kibanda kando ya mto kikawa kosa, na upinde ushahidi wa kosa. Mwaka 1956 na 1957 ulifanywa msako mkubwa, na wawindaji wengi wakafungwa. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango Galana wa kuwaajiri baadhi yao wawinde kwa ruhusa, nao haukudumu.

Usidhani kwamba neno langu ni kusema tembo hawakustahili kulindwa. Walistahili, kwa maana tembo waliuawa kwa tamaa ya masoko ya mbali, na aliyerusha mshale alipata sehemu ndogo kabisa ya thamani ya pembe. Lakini haki ina macho mawili. Ni vema kumlinda mnyama. Ni vema vile vile kumwuliza mtu aliyekuwa jirani wa mnyama huyo kwa vizazi, sasa atakula nini na atalala wapi.

Leo Sabaki una daraja, na wageni wa Tsavo hupiga kambi kando ya Galana kwa kulipa ada, wakaondoka asubuhi. Nawe utakapokwenda, fanya hivi. Fika kwanza kwa wenyeji wa kijiji cha mwisho, utoe salamu kwa wazee, uombe ruhusa. Mgeni mwema hapiti uani kimya. Waulize mahali hapo panaitwaje, na kwa nini. Nunua unga wao badala ya kubeba wote kutoka mjini, ukumbuke ile hesabu ya vibaba. Usikate mti mbichi, na moto wako uuzime kwa maji.

Kisha, giza likiingia na viboko wakianza kukoroma, lala juu ya ukingo, wala si chini yake. Umelala kwa ruhusa, na kesho utaondoka kwa hiari. Mtoro wa Makongeni na mkulima wa mwaka 1914 hawakupewa hayo mawili.